Kuponi za Marekani: anza na sabuni na pampasi, usianze na chakula

Kuna kipindi kabati la jikoni kwangu lilikua na chupa 14 za sosi ya saladi. Nyumbani kwangu hakuna mtu anayekula saladi, mume wangu majani yasiyopikwa anayaita chakula cha mbuzi, lakini nilikua ndo nimejifunza kuponi, yaani zile karatasi au ofa za kwenye simu zinazokushushia bei dukani, na kila chupa ilinitoka senti 25, sasa we mtu umetoka Tabata, Dar es Salaam, unaona kitu cha dola tatu unapewa kwa senti 25, akili inahama kabisa. Dola tatu na nusu zikaondoka hivyo hivyo, na kabati likajaa.

Naandika hii kwa ajili ya nyie mliofika karibuni, na hata mliokaa miaka ila kila mkiingia dukani mnalipa bei ya kwenye kibao kama ilivyo. Mimi niko Columbus, Ohio, kwahiyo mifano yangu ni ya maduka ya huku, ukiwa Texas au Minnesota majina ya maduka yatabadilika kidogo ila mchezo ni ule ule.

Sasa kitu ambacho kilinichukua karibu mwaka mzima kukielewa ni hiki: kuponi nyingi za hapa zinatolewa na kampuni zinazotengeneza vitu vyenye majina, yaani sabuni ya kufulia, dawa ya meno, shampuu, pampasi, pedi, roloni, konfleksi, chakula cha mbwa. Hakuna kampuni itakayokupa kuponi ya maharage ya gunia wala ya ndizi za kupika wala kisamvu. Ukianza kuwinda kuponi za chakula utajikuta unakula wanachotaka wao ule, ndo sosi ya saladi hiyo. Kuponi iache ifanye kazi upande wa bafuni na kufulia, alafu hela itakayobaki huko ndo ikanunue nyama.

Kwanza kusanya risiti zako

Chukua risiti za mwezi mmoja, zote, hata za Walmart zilizojikunja chini ya siti ya gari. Shika kalamu, piga duara kila kitu ambacho hakiliwi. Sabuni, tishu za chooni, pampasi, dawa ya mswaki, mafuta ya kupaka, mifuko ya taka. Jumlisha. Mimi nilipofanya hivi nilishtuka, maana nilikua najua hela inaliwa na tumbo kumbe karibu theluthi ilikua inaenda kwenye vitu vya kuoga na kufua, na watoto wawili wa pampasi nilikua nao wakati huo.

Hiyo orodha ya vitu vyenye duara ndo orodha yako ya kuponi. Kitu kikiwa hakimo humo, hata wakikupa kwa senti kumi, pita. Andika pembeni bei unayolipa kawaida na ujazo wake, maana bila kujua bei ya kawaida hutajua kama ofa ni ofa kweli au wamepandisha juzi wakashusha leo. Na kwenye rafu za hapa chini ya bei kubwa kuna namba ndogo inayoonyesha bei kwa aunsi (kipimo cha hapa cha uzito au ujazo) au kwa kipande, hiyo ndo ya kusoma. Kopo kubwa si rahisi kila mara, hasa ukiwa na kuponi: kuponi ya dola moja kwenye chupa ya dola mbili imekata nusu, ile ile kwenye chupa ya dola kumi na mbili hata huihisi.

Jifunze kuisoma kuponi yenyewe

Ziko za aina mbili na lazima uzitofautishe. Kuna kuponi ya kampuni, juu imeandikwa Manufacturer Coupon, hiyo inapokelewa kwenye maduka mengi kwa sababu duka halipati hasara, linaikusanya na kuipeleka kwa kampuni na linarudishiwa thamani yake pamoja na senti chache za usumbufu, soma maandishi madogo utaona wameandika senti 8. Kwahiyo usione aibu kumpa kashia kuponi, humuombi msaada. Alafu kuna kuponi ya duka lenyewe, hiyo inatumika kwenye duka hilo tu na punguzo wanatoa wao.

Kwa nini utofautishe? Kwa sababu maduka mengi yanakuruhusu kubebanisha: kwenye kitu kimoja unatumia kuponi moja ya kampuni na juu yake ofa ya duka. Duka la Target wanakubali hivyo na Target Circle yao, yaani mpango wao wa punguzo kwa wanachama, na kujiunga ni bure. Ila kuponi mbili za kampuni kwenye chupa moja ya shampuu, hapana, hakuna duka linakubali, na hata zile za kwenye simu nyingi zinahesabika kua za kampuni, kwahiyo ukishabonyeza ya kwenye simu ile ya karatasi ya kitu hicho hicho haitapita.

Maneno mawili yanayowachanganya watu: per purchase na per transaction. La kwanza maana yake kila kitu unachonunua kinabeba kuponi yake, ukinunua dawa za meno nne na una kuponi nne, tumia zote nne. La pili maana yake ni kuponi moja kwa kila malipo, ukitaka ya pili lipa, pokea risiti, anza upya. Nimeona watu wanarudishwa kwenye foleni na kina mama nyuma wanasonya kisa neno moja hilo.

Na usiangalie picha! Picha kwenye kuponi karibu kila mara wanaweka ile bidhaa ya bei ghali zaidi, ukisoma maandishi unakuta imeandikwa yoyote ya jina hilo, aunsi kadhaa na kuendelea. Chukua ndogo inayoruhusiwa. Angalia na tarehe ya mwisho.

Alafu chagua duka moja na apu moja, basi

Kosa la watu ni kudaunlodi apu kumi na mbili siku moja, wiki ya pili wamechoka wamezifuta zote. Fungua imeili mpya ya mambo haya tu, usitumie ya kazini wala ile unayopokea barua za uhamiaji, maana matangazo yatakuzika.

Mimi nilianza na Kroger kwa sababu iko dakika tano kutoka kwangu. Unafungua akaunti bure, unaweka namba ya simu, kuponi zote ziko ndani ya apu, unabonyeza unazotaka zinaingia kwenye akaunti, ukifika kwenye malipo unaandika namba yako ya simu na zinakatwa zenyewe. Bonyeza ukiwa nyumbani kwenye wifi, mitandao ndani ya maduka makubwa huwa inasumbua, utasimama katikati ya rafu simu imeinuliwa juu kama unatafuta mtandao kijijini. Bei zao za wiki zinabadilika Jumatano. Na kuna zile kuponi za wiki ambazo unaweza kuitumia mpaka mara tano kwenye malipo mamoja, hizo ndo za kujaza tishu na sabuni.

Kroger pia kila dola unayotumia ni pointi moja ya mafuta, pointi 100 zinakushushia senti 10 kwa galoni, ukifikisha 1,000 inashuka dola nzima. Pointi za mwezi huu zinakufa mwisho wa mwezi ujao, kwahiyo usizihifadhi kama akiba ya uzeeni. Nyie mnaoendesha Uber hii ni ya kwenu kabisa, ila jazeni gari likiwa limebaki tupu, maana punguzo ni la kujaza mara moja.

Kwa sabuni na tishu nampenda sana Dollar General siku ya Jumamosi. Wana kuponi kwenye apu yao, ukinunua vitu vya dola 25 wanakata dola 5, Jumamosi tu, na hesabu ya 25 inafanywa kabla hawajakata kuponi za kampuni. Hapo ndo utamu ulipo, ngoja nikupigie hesabu. Tuseme umechukua sabuni za kufulia mbili za dola 6.50 kila moja, hiyo 13. Dawa ya meno 4. Tishu 6. Sabuni ya vyombo 2.50. Jumla 25.50. Kwenye apu ulikua umebonyeza kuponi ya dola 3 ukinunua sabuni mbili, dola 1 ya dawa ya meno, senti 50 ya sabuni ya vyombo. Unaandika namba ya simu, inakatwa 5 ya Jumamosi, zinakatwa na 4.50 za kampuni, unabaki na dola 16 na kodi yake. Umeacha pale dola 9.50 na hujanunua hata kitu kimoja usichokihitaji. Ukifika na 24.80 lakini imekula kwako, ile 5 haitoki, kwahiyo pitiliza kidogo na usihesabu kodi kwenye hiyo 25.

Kuhusu kodi, mtu anaweza kukuuliza mbona kitu kilikua cha bure na bado nimedaiwa senti. Sehemu nyingi kodi ya mauzo inapigwa kwenye bei kabla ya kuponi ya kampuni, kwa sababu duka litalipwa ile hela na mtu mwingine, ila kuponi ya duka lenyewe inashusha bei na kodi pia inashuka.

CVS na Walgreens, yale maduka ya dawa, bei zao za kawaida ziko juu sana, usiingie bila sababu. CVS utamu wake ni ExtraBucks, unanunua kitu kilichotajwa wanakutolea vocha chini ya risiti ya kutumia safari ijayo, na risiti zenyewe ndefu unaweza kujifunga kama kanga. Vocha zina tarehe ya kufa, ziweke kwenye pochi sio kwenye droo. Mimi naenda kwa ajili ya dawa ya meno na pedi tu.

Ribeti, yaani hela inarudi baadaye

Ribeti sio kuponi. Hapa unalipa bei kamili, alafu unaonyesha risiti wanakurudishia. Kwahiyo hela lazima uwe nayo mfukoni kwanza, ukiwa umebaki na dola 20 mpaka Ijumaa ya mshahara achana na ribeti, tumia kuponi.

Apu ninazotumia ni Ibotta na Fetch. Ibotta unachagua ofa kwenye apu, unanunua, unapiga picha risiti, na ofa nyingi unatakiwa uwe umetuma ndani ya siku 7. Ikifika dola 20 unaihamishia benki. Soma ofa neno kwa neno kabla hujafika kashia, ukubwa, ladha, idadi, na ile sehemu ya kuskani bakodi ya bidhaa ukiwa bado dukani itumie, inakuambia hapo hapo kama ndo yenyewe. Mara moja apu fulani ilinikatalia dola tano nzima za pampasi kisa nilichukua pakiti ya namba nyingine, nikabishana nao wiki nzima na sikupata kitu. Na usiitelekeze Ibotta miezi na miezi ikiwa na hela ndani, ikilala muda mrefu wanaanza kukata ada, toa hela yako mapema.

Fetch ni ya wavivu na naisifia kwa hilo, unapiga picha risiti yoyote, ya duka la Mhindi, ya kituo cha mafuta, hata ya mgahawa, wanakupa pointi ambazo baadaye unabadilisha kua kadi ya zawadi. Pointi ni chache sana kwa risiti moja, hutatajirika, mimi huwa ninajikusanyia mwaka mzima inakua hela ya zawadi za watoto Desemba. Ukikaa siku 90 bila kutuma kitu pointi zinafutwa.

Uzuri ni kwamba kuponi na ribeti havigombani. Sabuni ile ile ilikatwa kuponi dukani, ofa ya duka ikaikata tena, na risiti yake ukaituma kwenye apu. Ukilipanga hivyo mara moja ndo unaelewa kwa nini watu wanapagawa.

Kwa walionunua nyumba, ukipita Menards, duka la vifaa vya ujenzi, ikiwa kwenye kipindi cha ribeti ya asilimia 11, jaza fomu na utume na risiti yake, inarudi kama vocha ya dukani kwao baada ya wiki kadhaa. Watu wengi wananunua kwa sababu ya hiyo 11 alafu fomu inabaki kwenye kikombe cha kalamu. Jaza siku hiyo hiyo.

Chakula sasa

Mchele, unga, maharage, mafuta, vitunguu: hapa kuponi weka pembeni. Aldi hawapokei kuponi za kampuni na bado watakushinda kwa bei kwenye maziwa, mayai, sukari na siagi, beba mifuko yako na sarafu ya senti 25 ya kufungulia kigari, inarudi ukikirudisha. Mchele nunua gunia kwenye maduka ya Wahindi au Waasia. Unga wa ugali tafuta ule wa mahindi meupe uliosagwa kawaida, usichukue masa ya Wameksiko kisa ina ofa, ule umepikwa na chokaa, utasonga ugali unanuka chapati zao na watoto watakuangalia.

Nyama, amka mapema. Asubuhi ndo maduka mengi yanabandika stika za kushusha bei kwenye nyama inayokaribia tarehe, chukua, fika nyumbani gawa kwenye mifuko, tia kwenye friza siku hiyo hiyo. Na ujue majira: kabla ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani ya Novemba, bata mzinga wanauzwa bei ya kutupa ili uingie dukani ununue na mengine, we chukua bata mzinga wako toka. Mwezi huo huo na Desemba unga wa ngano, sukari na siagi vinashuka kwa sababu watu wanaoka. Mwisho wa Mei na kuelekea 4 Julai ni mkaa wa kuchomea nyama, soda na ketchapu. Madaftari na kalamu Julai na Agosti. Mimi unga wa mandazi na chapati nanunua Novemba wa kufika mpaka Machi.

Kwa mliopo kwenye SNAP, yaani msaada wa chakula wa serikali, hasa ndugu zetu Wakongo mliokuja na familia kubwa. Hela ya SNAP inayowekwa kwenye kadi ya EBT hainunui sabuni, pampasi wala tishu, mnajua. Kwahiyo zile pesa taslimu chache zinazoingia ndo zinaliwa na sabuni, na ndo maana nasema kuponi zielekezeni huko kwanza. Kwenye chakula pia kuponi unaweza kuitumia na EBT, inapunguza kinachokatwa kwenye kadi, hupewi chenji. Ribeti za Ibotta na Fetch nazo zinaangalia ulichonunua, sio umelipa na nini. Alafu kuna hii ambayo wengi hawaambiwi: Ohio kuna Produce Perks, majimbo mengine wanaita Double Up Food Bucks, ukitumia SNAP kwenye masoko ya wakulima yanayoshiriki wanakuongezea dola kwa dola ya matunda na mboga. Uliza kwenye meza ya kuingilia sokoni. Kwenye masoko ya kiangazi nimeshakuta majani ya maboga na matembele, bei ya kuongea vizuri.

Usije ukaingia matatani

Usitoe fotokopi ya kuponi. Usinunue makaratasi ya kuponi kutoka kwa mtu kwenye WhatsApp anayesema zinafanya kazi kila duka. Hiyo ni jinai hapa, na kuna mwanamke Virginia Beach alihukumiwa miaka 12 jela mwaka 2021 kwa kuponi za kughushi, hasara ilipita dola milioni 31. Na kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado zinashughulikiwa, kesi ya wizi hata ya dola 40 ni kujichimbia. Vile vile viungo vinavyotumwa kwenye magrupu eti kuponi ya dola 75 bure ya Costco, jaza namba zako, futa. Anayetoa ofa ya kweli hahitaji namba yako ya Social Security.

Na acha kumaliza rafu. Chukua za kukutosha miezi miwili mitatu, ofa nyingi zinazunguka zinarudi, na mama mwingine naye anatafuta pampasi hizo hizo.

Kwenye malipo

Siku za mwanzo nenda kwa kashia wa kibinadamu saa ambayo hakuna foleni, usianzie mashine ya kujilipia. Andika namba ya simu kabla hujaanza kupitisha vitu, kuponi za karatasi mpe mwishoni. Macho kwenye skrini. Kuponi ikigoma, mwambie kwa upole aangalie tena, sera ya kuponi ya duka iweke kwenye simu kama picha uwe nayo, akikataa bado mwambie akitoe kitu hicho, hulazimiki kukichukua kwa bei kamili. Mimi mwanzoni nilikua naona haya nalipa tu, alafu nafika kwenye gari nalalamika peke yangu.

Ukishalipa usiondoke. Simama pale pembeni ya mlango, soma risiti mstari kwa mstari, kama kuna punguzo halijaingia dawati la huduma liko hapo hapo na mara nyingi wanarekebisha dakika mbili. Ukisharidhika piga picha risiti kwenye Ibotta na Fetch ukiwa bado umesimama, maana ikishaingia kwenye mfuko na vitunguu hutaiona tena.